Bibi na testi zangu

Najua nimepotea, si kwa kupenda. Tulikuwa likizo, na nyumbani kwetu Hai nilikuta mtihani ambao kwenye UE haupo.

Bibi yangu mzaa mama ana ugonjwa wa kusahau, daktari aliuita dimensia. Mwaka jana alibandika maji ya chai, akayasahau, sufuria likaungua mpaka likawa jeusi tii. Tangu siku hiyo mama akampiga marufuku jikoni. Kisu, kiberiti, hata jembe, vyote vikafichwa. Bibi akabaki kwenye kiti barazani toka asubuhi. Mchana anazunguka kufungua makabati, anatafuta kitu asichokijua. Jioni ndiyo balaa, anataka "kwenda nyumbani" na yuko nyumbani. Mama halali.

Mimi mwalimu mtarajiwa nikaja na dawa yangu: maswali. Shikamoo bibi, leo siku gani? Mimi ni nani? Akikosea namsahihisha. Nilidhani nampa ubongo mazoezi. Siku ya nne nikamsikia anamwuliza mama, "Yule wa maswali ameshaamka?" Jina langu lilikuwa limeshamtoka, ila tabia yangu alikuwa ameikariri!

Aliyenifumbua macho ni mama mdogo. Yuko Minneapolis kule Marekani, anafanya kazi kwenye kituo cha wazee cha mchana. Wazee wanaletwa asubuhi, jioni wanarudishwa kwao, na katikati hapo watoto wao wanapata nafasi ya kwenda kazini au kulala tu. Nilipomsimulia kwenye WhatsApp kuhusu maswali yangu akacheka, halafu akanyamaza. Akasema, "Mwanangu, unampa mama yangu testi anayofeli kila siku. Wewe ungeipenda hiyo shule?"

Iliniuma jamani.

Akaniambia kituoni kwao kuna mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Huyu si wa kunyoosha viungo, wala hafundishi useremala kama nilivyodhani. Kwake "kazi" ni lolote linalojaza siku ya mtu: kuoga, kuvaa, kupanga meza, kumwagilia maua. Mzee akiwa mgeni hamwulizi tarehe. Anampa vifaa vya chai na kumwangalia. Anakwama wapi? Hajui aanze na nini? Au anajua kuanza ila hatua ya tatu inampotea? Au kikombe cheupe juu ya kitambaa cheupe hakioni kabisa? Hapo ndipo anapoikata kazi. Kinachoshindikana anakifanya mwingine, kinachowezekana anaachiwa mzee mwenyewe, hata kama ni kukoroga sukari tu. Mlango wa choo wanaupaka rangi tofauti na ukuta na kubandika picha. Zulia jeusi mlangoni wanaliondoa, maana kuna wazee wanaliona kama shimo na kugoma kupita.

Nikakumbuka darasani tulivyosoma habari za Maria Montessori, aliyefungua shule yake Roma mwaka 1907. Vitu halisi mkononi, hatua ndogondogo, kosa lijionyeshe lenyewe bila mwalimu kupayuka. Nilijibu swali hilo nikapata A. Kumbe kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Cameron Camp, ambaye kuanzia miaka ya 1990 alizipeleka njia hizohizo kwa wazee wenye dimensia. Mimi nilikuwa nazo kwenye daftari na bibi yuko barazani!

Na msidhani ni mambo ya Ulaya tu. KCMC pale Moshi wanafundisha fani hii ya tiba kwa vitendo. Tena hapahapa wilayani Hai, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwakusanya wazee 34 wenye dimensia katika vikundi, wakipiga soga na kufanya shughuli pamoja, vikao 14 kwa wiki saba. Uwezo wao wa kufikiri ulipanda, na hali ya maisha yao pia. Ila kijijini kwetu kituo cha mchana hakuna. Kituo ni baraza letu.

Basi nikachukua ungo, maharage mekundu ili yaonekane vizuri, nikakaa karibu na bibi. Sikuuliza kitu. Nikaanza kuchambua. Dakika mbili hazikupita mkono wake ukaja. Wadau, vile vidole havijasahau kitu! Anapepeta, anatupa mawe, anaimba kwa sauti ya chini. Jioni ile hakudai kwenda nyumbani.

Mama hakufurahi. "Majirani watasema namtumikisha mama yangu mgonjwa." Tukabishana kidogo, nikamheshimu, nikanyamaza. Lakini usiku alilala, na asubuhi ungo niliukuta barazani. Sikuuweka mimi.

Tatizo, siku ya tano maharage yakaisha. Nikafanya ujanja: usiku nikachanganya maharage safi na mahindi na vijiwe, nikamwekea. Bibi akatazama ungo, akanitazama mimi. "Nani kayachanganya hivi? Mvivu huyo." Nilitamani ardhi inimeze. Mama mdogo naye hakunionea huruma. Alisema kituoni kwao taulo wanazokunja wazee ni taulo zinazotumika kweli, na wakimwona mtu anazikunjua nyuma yao wanaacha kabisa.

Nimeshurudi chuo sasa, bumu halijatoka, msiniulize. Jana mama kanipigia. Kaenda mwenyewe kwa jirani, yulehuyule aliyemwogopa, akaomba debe la maharage ambayo hayajachambuliwa. Jirani kaleta, na kakaa barazani mpaka jioni wakichambua pamoja na bibi.

Ngoja nikapige msuli, Ijumaa nina testi.