Kalamu za Japani na daftari lako la madeni: nunua ipi ukienda mjini



Tangu nirudi Japani swali ni moja: "Bwana shamba, umetuletea nini?" Wapo waliotarajia simu, wapo waliotarajia mbegu. Nimeleta penseli, kalamu na madaftari. Waliocheka nimewasikia. Leo naeleza kwa nini, na nini cha kuangalia wewe mwenyewe utakapoingia duka la vifaa vya kuandikia Mwanza mjini.

Nilikuwa Tsukuba, kwenye mafunzo ya kilimo cha mpunga ya JICA. Kutoka pale hadi Tokyo ni kama dakika 45 kwa treni, na siku za mapumziko wenzangu walikimbilia maduka ya simu na kamera. Mimi nilikwenda kwenye maduka ya kalamu. Mojawapo ni Itoya, mtaa wa Ginza, duka lililoanza mwaka 1904. Ni jengo la ghorofa 12 la vifaa vya kuandikia. Lilipofunguliwa upya mwaka 2015 waliweka hata bustani ya mboga za majani ghorofa ya 11, kwa ajili ya mgahawa wa ghorofa ya juu yake. Lakini usidhani kila kitu huko ni ghali. Wana maduka ambayo vitu vingi vinauzwa yeni 100, na ukijumlisha kodi nililipa kiasi kisichofika shilingi 2,000.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni karatasi ndogo nyeupe zilizowekwa mbele ya kila aina ya kalamu. Mteja anachora, anaandika, anajaribu, ndipo anaamua. Hakuna anayemfukuza. Kila kalamu pale ina kazi yake: hii ya fundi, hii ya karani, hii ya mwanafunzi. Nikajiuliza: ya kwetu sisi ni ipi?

Kwa nini bwana shamba anahangaika na kalamu

Kuna mama mmoja anayenunua dagaa kisiwani na kuuza Mwaloni, Kirumba. Huwakopesha wavuvi mafuta na fedha, wanamlipa dagaa wa giza linalofuata. Alikuwa mwangalifu, kila deni ameliandika. Siku moja ziwa lilichafuka, maji yakaingia ndani ya mtumbwi, mkoba ukalowa. Kurasa zilipokauka zilikuwa na mawingu ya bluu tu. Alikuwa ameandika kwa kalamu laini ya jeli, ile inayoteleza vizuri. Shauri lilifika kwa mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti hakuwa na cha kusoma. Wadaiwa waungwana walilipa. Wengine walisema wameshalipa, na hakuna aliyeweza kuwapinga.

Deni lililofutika kwenye karatasi limefutika kweli. Ndiyo maana swali la kwanza kuhusu kalamu siyo kama inapendeza. Swali ni kama maandishi yake yatakuwepo siku ya ugomvi.

Aina nne za kuzifahamu

1. Penseli. Risasi yake haiyeyuki kwenye maji wala haichujuki kwa jua. Inafaa sana shambani wakati wa mvua na ndani ya mtumbwi: tarehe ya kupanda, idadi ya mistari, uzito wa ndoo. Ubaya wake ni kwamba yeyote mwenye kifutio anaweza kubadilisha. Usiandikie fedha. Nilizoleta ni za Mitsubishi Pencil, kiwanda kilichoanza mwaka 1887. Wengi waliniuliza kama ndio wale wa magari. Hapana, ni kampuni mbili tofauti, ingawa alama ya almasi tatu inafanana.

2. Kalamu ya kawaida ya wino mzito wa mafuta. Ni hii ya bei ndogo iliyopo kila kioski. Ikilowa maji, maandishi hubaki. Pia inahitaji kukandamizwa, kwa hiyo ndiyo inayofaa kwa karatasi ya kaboni. Usiache tu maandishi yake juani muda mrefu, maana yatapauka. Hii ndiyo kalamu ya daftari la madeni.

3. Kalamu ya jeli. Hapa kuna mbili zinazofanana kwa macho. Moja wino wake ni rangi iliyoyeyushwa, ikipata maji inakimbia. Nyingine ina chembe ndogo za rangi zinazonasa kwenye karatasi, kama Uni-ball Signo ya Wajapani, na hiyo haikimbii. Huwezi kuzitofautisha kwa kutazama. Lazima ujaribu.

4. Kalamu inayofutika kwa joto. Hii ndiyo ya kuogopa. Kampuni ya Pilot ya Japani ilitoa kalamu iitwayo FriXion, ambayo wino wake hupotea ukipata joto la kama nyuzi 60. Ukisugua kwa mpira wa mwisho wa kalamu, msuguano unaleta joto na maandishi yanatoweka. Mwanafunzi au fundi cherehani itamfaa. Lakini daftari likiachwa juu ya dashibodi ya gari juani, ukurasa mzima unaweza kubaki mweupe. Watengenezaji wenyewe wanaonya isitumike kuweka sahihi. Leo kalamu za namna hii zinatengenezwa na viwanda vingi, si Japani tu. Mtu akikupa kalamu yake usaini makubaliano ya shamba, mazao au mkopo, sema asante, kisha toa yako mfukoni.

Jaribio la kufanya nyumbani

Andika jina lako kwa kila kalamu uliyonayo kwenye karatasi moja. Subiri ikauke vizuri. Kata karatasi vipande viwili. Kimoja kitumbukize kwenye maji kwa dakika kumi. Kingine kiweke juu ya meza na uweke juu yake sufuria yenye maji yaliyotoka kuchemka. Kalamu ambayo maandishi yake yamebaki kwenye vipande vyote viwili ndiyo ya biashara. Nyingine wape watoto wachoree.

Ukifika mjini

Kabla ya kulipa, omba kipande cha karatasi ujaribu. Kwa daftari, chagua kaunta buku lenye jalada gumu na kurasa zilizoshonwa kwa uzi, maana za gundi hubanduka. Nilileta pia madaftari membamba ya wapima ardhi wa Japani. Jalada lake ni gumu, hivyo unaandika umesimama bila meza, na linaingia mfukoni. Kwetu, daftari dogo la jalada gumu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri litafanya kazi hiyo hiyo.

Nunua na karatasi za kaboni. Kila deni liandikwe tarehe, jina, kiasi, bei na siku ya kulipa, pande zote mbili zisaini, na kila mmoja abaki na nakala. Risiti za mashine ya EFD zipige picha au zitolewe kopi mapema, kwa sababu karatasi zake hupauka kwa joto.

Wazee wetu wa pamba walianzisha ushirika wakidai mizani ya haki. Mizani ikishasema kweli, kalamu ndiyo inayoitunza kweli hiyo.

Penseli zipo ofisi ya kata. Kila kikundi kitume katibu wake aje na daftari la kikundi. Tutaanza kwa kulifanyia jaribio la maji pamoja, kwenye ukurasa wa mwisho.

Kazi njema.