Hita ya Gesi au ya Dizeli? Kwanza Uliza Utalala Mita Ngapi Juu

Nikimwambia mtu naweka hita kwenye vani, jibu huwa ni moja: "Hita ya nini na tuko Kenya?" Sawa. Mwenye kusema hivyo namkaribisha alale Njabini usiku mmoja wa mwezi wa saba, ndani ya mabati ya Toyota, halafu tuongee asubuhi kama midomo yake itakuwa inafunguka. Kenya ya matangazo ni jua na simba. Kenya ninayotaka kupiga video iko juu: Kinangop, Timboroa, Iten, lango la Sirimon kule Mlima Kenya. Kinangop kuna asubuhi sakitu inaamka imechoma viazi vya watu shambani. Kama viazi vinaumia, sembuse mimi.

Vani yenyewe ni HiAce ya dizeli iliyostaafu umatatu. Tumeng'oa viti, mimi na jamaa anayenishikia kamera, tukaweka kitanda, kabati, meko ya kilo 6, betri moja na sola juu ya paa. Gari ni letu nusu kwa nusu, kwa hivyo hakuna shimo linalotobolewa bila sisi wawili kukubaliana. Kila kitu tumekubaliana isipokuwa hii hita. Yeye ni mtu wa gesi, mimi ni mtu wa dizeli, na tumebishana wiki tatu mpaka mama yangu anatuuliza kama bado tunaongeleshana.

Kabla sijafika kwa huo ubishi, kuna chaguo la tatu ambalo nimelitupa nje kabisa: jiko la makaa. Najua kuna mtu anasoma hii akiwaza, si muingize tu jiko dakika kumi mpate joto mtoe. Hapana. Kila msimu wa baridi Kenya tunasikia habari ya familia iliyolala na jiko ndani na haikuamka. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na inashikana na damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Hukohoi, hushtuki, unasikia tu kichwa kizito na usingizi mtamu. Na hewa ya ndani ya HiAce ni kidogo kuliko ya bedsita yoyote ya Roysambu. Hapo hakuna mjadala.

Sasa gesi. Jamaa yangu ana hoja, na sitaki kumfanya aonekane mjinga kwa sababu si mjinga. Anasema: gesi tayari tunayo, tunapikia. Hita ya gesi ile ya kufungwa juu ya mtungi haitaki betri, haitaki kutoboa sakafu, haina kelele, na ikiharibika unaitoa unaweka kando. Unawasha na kiberiti, joto linakuja hapo hapo. Bei yake pia haiumi. Kwa mtu mwenye doo zetu, hizo ni hoja nzito.

Lakini hita za gesi ziko za aina mbili, na watu wakisema "hita ya gesi" huwa hawasemi ni gani. Kuna iliyofungwa, kama zile za Truma za Wajerumani, inayovuta hewa kutoka nje ya gari, inachoma ndani ya chumba chake, na moshi unatoka nje kwa bomba. Hewa unayopumua wewe haigusani na moto. Hiyo ni hita ya heshima. Halafu kuna ya wazi, ile yenye sahani inayogeuka nyekundu, inayochoma hewa ile ile unayopumua na kukurudishia kila kitu ilichotoa. Madukani tulikozunguka Nairobi tuliona hiyo ya pili. Ya kwanza ungeagiza nje, na ukiongeza usafiri na ushuru, bei inakufanya ukumbuke blanketi.

Kwa hivyo tukilinganisha tulicho nacho mkononi, ni gesi ya wazi dhidi ya dizeli iliyofungwa. Na shida ya gesi ya wazi ambayo watu hawaisemi ni maji. Gesi ikiungua inatoa mvuke. Kilo moja ya gesi inatoa lita 1.6 hivi za maji. Si utani, ni kemia ya fomu four: haidrojeni iliyo ndani ya gesi inakutana na oksijeni. Mkichoma zaidi ya nusu kilo usiku mmoja, mmejimwagia lita moja ya maji hewani, juu ya pumzi za watu wawili. Maji hayo yanakwenda wapi? Kwenye mabati baridi, kwenye godoro, kwenye mbao tulizopiga msasa wiki nzima. Na kwenye lenzi. Lenzi ikikaa kwenye unyevu inaota kuvu ndani, na ukishaona ule utando kama wa buibui, umeshapoteza mashine ya kazi. Kamera yetu moja na lenzi zake mbili zina thamani kuliko kila kitu kilicho ndani ya hilo gari ukitoa injini. Hapo ndipo jamaa alinyamaza mara ya kwanza, kwa sababu kamera ni yake.

Dawa ya unyevu, na ya hewa chafu, ni kufungua dirisha. Lakini ukifungua dirisha unapasha joto Nyandarua nzima.

Hita ya dizeli inafanya kazi tofauti. Ni kisanduku kinachotosha chini ya kiti. Pampu ndogo inaleta mafuta tone kwa tone, hita plagi inayawasha, moto unawaka ndani ya chumba cha chuma kilichofungwa. Feni moja inavuta hewa ya moto huo kutoka chini ya gari, na moshi unatoka chini kwa ekzosi yake. Feni nyingine inapitisha hewa ya ndani ya gari juu ya chuma kilichopata moto na kuirudisha ndani ikiwa kavu na yenye joto. Hewa mbili, hazikutani. Wajerumani Webasto na Eberspächer ndio wenye jina kwenye hizi mambo, Wachina wakazitengeneza kwa bei ya sisi wengine.

Hebu tupige hesabu, kwa sababu kila mtu anadhani ubishi huu ni wa bei. Tufanye tunahitaji wastani wa kilowati 1 ya joto kwa saa 8. Lita moja ya dizeli ina nishati ya kilowati-saa 10 hivi. Ukitoa inayopotea kwenye ekzosi, lita moja inatosha usiku mmoja. Mwaka 2025 dizeli Nairobi ilicheza kati ya shilingi 160 na 175. Kilo moja ya gesi ina karibu kilowati-saa 13, kwa hivyo unahitaji kama gramu 630. Ukijaza mtungi wa kilo 6 kwa 1,200, usiku mmoja ni shilingi 126. Gesi inashinda kwa shilingi arobaini na kitu. Hiyo ni bei ya chai na mandazi. Siwezi kuchagua kitu cha kulala nacho ndani ya sanduku la bati kwa tofauti ya chai na mandazi.

Jamaa aliniambia kama ni hivyo basi mambo yamekwisha, nunua dizeli yako. Na hapa ndipo nilipokuta kitu ambacho karibu kinirudishe kwa gesi.

Urefu kutoka usawa wa bahari. Video zote za kufunga hita ya dizeli nilizokuwa natazama ni za Waingereza na Wajerumani, watu ambao wengi wao wanalala karibu na usawa wa bahari. Hita nyingi za kawaida za dizeli zimepangiwa kufanya kazi vizuri hadi mita 1,500 hivi. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700! Yaani hata kabla sijatoka nyumbani nimeshapita. Iten ni kama mita 2,400. Timboroa iko zaidi ya 2,700. Ukifika mita 2,500, hewa imepungua kwa robo ukilinganisha na Mombasa, lakini pampu haijui hilo, inaendelea kuleta mafuta yale yale. Mafuta mengi, hewa kidogo: moto unakuwa mchafu, masizi yanajaa kwenye chumba cha kuchomea, moshi mweusi, halafu siku moja hita inakataa kuwaka, na siku hiyo ndiyo ya baridi kuliko zote.

Fikiria mchezo wenyewe. Kenya, mahali penye joto hita hii ingefanya kazi bila shida. Mahali penye baridi ndipo inaposumbuka.

Jamaa alifurahi sana kusikia hivyo, nikamwambia asifurahi haraka. Gesi nayo haipendi kupanda mlima. Zile hita za wazi zenye usalama zina kifaa kinachopima kama oksijeni imepungua na kuzima moto. Mr. Heater Buddy ya Marekani, ambayo watu wa vani wanaipenda sana, maelekezo yake yenyewe yanaonya kwamba inaweza kujizima ukipita futi 7,000, kama mita 2,130. Huko ni chini ya Iten. Na ukipata hita ya wazi isiyojizima huko juu, jiulize ni kwa nini haijizimi.

Tofauti ni kwamba dizeli ina njia ya kurekebishwa. Kuna hita mpya zenye sensa ya kupima shinikizo la hewa, zinapunguza mafuta zenyewe gari likipanda. Nyingine unaingia kwenye mipangilio unapunguza mapigo ya pampu kwa mkono na kuongeza feni. Halafu unaifanyia adabu ndogo ndogo: usiiache ikiwaka polepole usiku baada ya usiku, iwashe kwa nguvu zote dakika chache kabla ya kuizima ili masizi yaungue. Na usikate umeme ghafla, iache ijipoeze yenyewe mpaka feni isimame.

Umeme ndio udhaifu wake wa kweli. Kwenye kuwaka inameza ampea 8 hadi 10 kwa dakika chache kwa sababu ya hita plagi, halafu inashuka hadi ampea 1 au 2. Usiku mzima unaweza kula kama ampea-saa 12. Betri yetu ni ya 100, ya maji, ambayo hutakiwi kuishusha chini ya nusu, na bado kuna taa, simu, laptopu na kuchaji kamera. Inatosha, lakini ukungu wa Kinangop ukikaa siku tatu bila jua, itabidi tuwashe injini. Halafu nyaya ziwe nene. Waya mwembamba unapoteza volti njiani na hita inadhani betri imekufa.

Kelele nayo ipo. Pampu inapiga tik, tik, tik usiku kucha, na moshi unatoka na mlio kama wa ndege ya mbali. Nikirekodi sauti nitaizima, basi.

Kitu kingine kilichonisukuma ni mtungi wenyewe. Tangu ule moto wa Embakasi usiku wa tarehe 1 Februari 2024, nikiona gesi inajazwa kwenye kibanda cha mabati huwa nahama upande wa barabara. Kwa kupikia, sawa: mtungi umesimama wima kwenye kabati lake, kabati lina tundu sakafuni, kwa sababu gesi ni nzito kuliko hewa na ikivuja inalala chini kama maji. Tukimaliza kupika tunafunga kichwa cha mtungi. Lakini kulala usingizi wa saa nane mtungi ukiwa wazi na moto ukiwaka mita moja kutoka miguuni, na sijui nani aliujaza? Dizeli ikivuja inanuka na inachafua. Inanikera, lakini haijazi sakafu mvuke unaosubiri cheche.

Kwa hivyo tumekubaliana, na sharti zake ziko kwenye karatasi, kwa maana jamaa alisisitiza iandikwe. Gesi ni ya kupika, dizeli ni ya joto. Hita ya kilowati 2, si ile ya 5 ambayo kila muuzaji anataka kukuuzia, kwa sababu kubwa kwenye chumba kidogo itashinda ikiwaka polepole na kula masizi. Iwe na sensa ya urefu. Mafuta yatoke kwenye tangi la gari kwa bomba fupi lisilofika chini kabisa, ili hita isije ikamaliza mafuta yote ikatuacha Ol Kalou bila ya kurudi. Ekzosi itokee pembeni, mbali na mlango na dirisha, na pale inapopita sakafuni ipite kwenye bamba la chuma. Kengele ya kaboni monoksidi ukutani karibu na tunapoweka kichwa, na ya gesi chini karibu na sakafu. Hizo kengele zinanunuliwa kabla ya hita. Hiyo ilikuwa sharti ya mama.

Fundi wetu wa Grogan anatoboa Jumamosi. Amenipigia jana kuuliza kama hii hita ni ya kupasha injini, nikamwambia ni ya kupasha watu. Akacheka, akaongeza bei.