Kushauriana Nyumbani

Haya nitakayokueleza yamenifika mimi mwenyewe hapa Gombani, na lau mwenye haki yake asingeniruhusu kuyaandika, ningeyafunika kwa haya.

Mke wangu alirithi kwa marehemu baba yake mikarafuu kumi na minne upande wa Mtambile. Tangu tuoane mimi ndiye niliyeishughulikia: kufyeka chini yake, kutafuta wachumaji, kupeleka karafuu kituoni kuuzwa. Kwa mazoea nikawa nasema "mikarafuu yetu", na kutoka hapo hadi "mikarafuu yangu" hapana safari ndefu. Mwaka mmoja, karafuu zilipoanza kuonekana mitini, alinijia mtu akataka kuikodi kwa msimu mzima. Akanipa fedha mkononi, nikazipokea, nikanunua mabati. Mke wangu sikumwambia. Wallahi sikukusudia kumdhulumu. Nilijiona namfanyia hisani, kwani paa lilikuwa likivuja upande ule anaolala yeye.

Habari akaipata kwa jirani, kwenye bomba la maji. Hakuniuliza neno. Ila tangu siku ile akawa anasema nami kwa kupitia kwa watoto: "Mwambie baba yako chakula tayari." Nami hujibu kwa njia hiyo hiyo: "Mwambie mama yako naja." Tulikwenda hivyo wiki tano. Mdogo wetu, wa miaka sita, aliona ni mchezo, akafurahi kupeleka salamu huku na huku. Wakubwa zake hawakufurahi.

Jioni moja binti yetu mkubwa alinifuata barazani, akainamisha macho, akaniambia: "Baba, mama aliniahidi ada ya chuo cha uuguzi itatoka kwenye karafuu. Sasa nisubiri, au nisisubiri?" Mabati yalikuwa yanang'aa juu ya kichwa changu, na mimi sina la kumjibu.

Ndugu msomaji, mtu huweza kuisoma Qur'ani miaka arubaini akapita mahali asisimame. Katika Suratil Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu amewaruhusu wazazi kumwachisha mtoto ziwa kabla ya kutimia miaka miwili, lakini pale tu wanaporidhiana na kushauriana wote wawili. Ziwa la mtoto linataka shauri, nami nimekodisha mali ya mtu bila ya hata kumuuliza! Na katika Suratin Nisaa, aya ya 7, fungu la mwanamke katika walichoacha wazazi wake limetajwa wazi, liwe dogo au kubwa. Kumi na minne ile ilikuwa ni fungu.

Wako watakaosema kwamba mwanamume akitaka shauri kwa mkewe hadhi yake hupungua. Basi na wakumbuke Hudaybiya, mwaka wa 6 wa Hijra. Bwana Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha masahaba wachinje na wanyoe, nao kwa uchungu wa kuzuiwa Makka hakuinuka mtu. Akaingia kwa mkewe, Bibi Ummu Salama (R.A.), akamweleza. Yeye akamshauri atoke, asiseme na yeyote, achinje na anyolewe mwenyewe. Akafanya hivyo, na watu wote wakamfuata. Nani basi katika sisi ana hadhi ya kupungukiwa?

Wengi huilaumu simu kwa ukimya wa majumbani. Mimi siwezi, katika wiki zile tano simu yangu haikuwa hata na salio. Nilichokikumbuka ni kuchambua karafuu. Karafuu mbichi haitaki kulala. Ukiiacha kwenye gunia hadi asubuhi huchemka ikaharibika. Kwa hivyo utotoni kwetu, usiku wa msimu, nyumba nzima ilikaa kulizunguka jamvi, karafuu huku na makonyo kule, kandili katikati. Mikono ikifanya kazi, ndimi nazo hufunguka. Hapo ndipo mama aliposema nani anahitaji viatu, na baba alipotaja madeni yake bila ya kutazamwa usoni. Hakuna aliyekiita kikao.

Basi usiku ule nilichukua ungo wa mchele, nikakaa jikoni karibu na mke wangu, nikaanza kuchagua mawe. Alinitazama kama aliyeona jini. Nilipofika nusu ya ungo nikamwambia: "Nimekukosea. Mikarafuu ni yako." Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mabati nayapenda. Ningalikubali ungaliniuliza." Neno hilo lilinichoma kuliko matusi.

Fedha hazikurudi, na aliyekodi hakuwa na kosa. Binti yetu alingoja mwaka mzima, na mwaka wa mtoto ni deni nisiloweza kulilipa. Nilichoweza ni daftari. Dukani tunaandika hata kibiriti cha mkopo, kama aya ya 282 ya Baqara ilivyotufunza kuandika madeni, lakini nyumbani twategemea kumbukumbu na hasira. Sasa kila usiku wa kuamkia Ijumaa, vijana wakisharudi Uwanja wa Gombani na Magharibi ikishasaliwa, tunakaa hadi Isha, na ungo au nazi ya kukuna hukosekani. Mwenye mkono mzuri huandika: ada, sokoni, nani atampeleka mdogo chuoni, nani ana neno. Mdogo husema wa kwanza, kwani akisema baba kwanza wengine hukubali tu. Wiki nyengine tunagombana. Wiki nyengine haliandikwi ila jambo moja.

Msimu uliopita yule mtu alirudi kuiulizia mikarafuu. Nikamkaribisha barazani, nikamwambia angoje, mwenyewe yumo ndani. Alipotoka alitaja bei iliyoizidi ile yangu kwa theluthi nzima, na akaipata.