Tulilipa malisho, tukakuta miti

Juma hili tunaomba tuongee habari ya kondoo wetu. Wengine kati yenu mliwaona siku ile, kondoo 23 na mbuzi 8, wakishuka kilima saa sita ya mchana, na sisi nyuma yao tukipiga kelele. Jirani mmoja alianza kufunga mizigo, akifikiri vita imerudi. Haikuwa vita. Tulikuwa tumefukuzwa kwenye malisho tuliyokuwa tumeyalipia.

Sisi ni wamama 14. Tulianza na likelemba, kila mmoja na franga zake kidogo kisha ibada ya Jumapili, na aliyefikiwa na zamu alinunua kondoo. Shule ya msingi ni bure tangu 2019, lakini sekondari inaomba minervali, na minervali ikifika tunauza kondoo mmoja. Mtoto akilala hospitali, ni vilevile. Hapa kwetu Nyabiondo feza haimalizi wiki mbili ndani ya nyumba. Bwana ataiona, ama wenye bunduki wataiona. Kondoo naye anaonekana, ni kweli, lakini siku ya kukimbia anakimbia pamoja nawe kwa miguu yake.

Shida ni majani. Mgeni akifika Masisi anashangaa: vilima vyote kijani, shida ya majani inatoka wapi? Hajui kwamba kila kilima kina mwenyewe. Wazungu wa Ubelgiji waliunda Komite ya Taifa ya Kivu mwaka 1928, na ardhi kubwa zikakatwa zikawa mashamba ya wakoloni. Mwaka 1973 Mobutu akatangaza mashamba ya wageni yapewe wananchi, na wananchi wenyewe wakawa wakubwa wachache. Leo vilima vingi ni ferme za ng'ombe. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Mwami anasema ni wa mababu. Mwenye ferme anaonyesha karatasi ya kadastri. Mama mwenye jembe hatajwi na yeyote kati ya hao, kwa hiyo anakodi.

Kukodi tunakujua. Kuna kukodi kwa salongo, unamlimia mwenye ardhi siku kadhaa naye anakuachia kipande cha maharagi. Kuna kukodi kwa feza. Na kote mna katazo moja ambalo hata mtoto wa Nyabiondo analijua: usipande kitu cha kudumu. Usipande ndizi, kahawa wala mti, kwa sababu mwenye kupanda mti kesho ataanza kujiita mwenyeji. Hatukuwahi kufikiri kwamba siku moja tutafukuzwa kwa sababu mwenye ardhi mwenyewe ndiye aliyepanda.

Mzee mwenye ferme alitupa hekta 2 kwa dola 150 kwa mwaka. Tulimhesabia mkononi, mbele ya shahidi mmoja, bila karatasi. Alituonyesha mipaka: mti ule mkubwa, mtaro, chemchemi. Hakutuambia kwamba miezi minne mbele yake alikuwa ametia sahihi na mradi wa miti.

Miradi ya namna hiyo si mipya kwetu Kivu ya Kaskazini. WWF ilianza EcoMakala mwaka 2007, watu wapande miti kwenye ardhi yao ili makala isiendelee kutoka ndani ya Parke ya Virunga. Mradi uliofika kwa mzee wetu ulikuwa mwingine, mdogo, lakini njia ilikuwa karibu ileile: mwenye ardhi anapata miche na feza kidogo ya kupanda, naye anaahidi kuilinda. Ahadi zake tulikuja kuzijua tumekwisha kuchelewa. Mifugo isiingie kwa miaka 3, mpaka miti ipite urefu wa mdomo wa ng'ombe. Majani yasichomwe. Mita 20 kuzunguka chemchemi zisikanyagwe. Mistari ya setaria iliyopandwa kukata mmomonyoko isiliwe.

Tulikuwa tumeiona ile miche ya grevilea ndani ya majani. Tulifikiri ni vichaka. Kondoo hawakufikiri chochote.

Siku ya tisa agronomu alifika na daftari. Alihesabu miche 61 iliyoliwa ao kuvunjwa. Akamwita mzee, na mzee akasema mbele yetu, bila macho yake kucheza, kwamba wamama hawa waliingia wenyewe. Ndipo tuliposhuka na kondoo saa sita ya mchana.

Usiku ule tulikuwa na hasira nyingi. Wengine walisema twende usiku tung'oe miti yote iliyobaki. Tunaandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu lilikuwa karibu kufanyika. Aliyetuzuia ni mama mkubwa kuliko sisi wote. Asubuhi alitupeleka kwenye chemchemi, hakusema neno, akachota kwa kopo, akatupa kila mmoja atazame. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, na mavi ya kondoo yakielea. Ni maji yaleyale yanayoshuka mpaka kwenye bomba ambapo watoto wetu wanajaza bidoni. Juu kidogo, palepale kondoo walipopita siku tisa tu, udongo ulikuwa umefunguka, na mvua moja ilikuwa imeteremsha matope mpaka kwenye maharagi ya jirani. Tuliona kwamba katazo lile halikuwa la kutuonea. Aliyetuonea ni yule aliyechukua dola 150 akijua katazo lipo.

Kesi ilifika kwa chefu wa lokalite. Kwenye baraza mzee mmoja aliuliza mabwana zetu wako wapi, maana wanawake hawawezi kufanya kontra peke yao. Hapo mwenzetu mmoja, mwalimu, alisimama. Alieleza kwamba ni kweli Kodi ya Familia ya mwaka 1987 iliomba ruhusa ya bwana, lakini sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Wengi pale hawakuwa wameisikia. Hata kati yetu, wamama 14, walioijua walikuwa watatu, na kwa sababu hiyo wengine waliogopa kuomba karatasi siku ya kulipa. Tulikuwa tumenyamaza kwa kuogopa sheria iliyokwisha kufa.

Dola hazikurudi, mzee alisema zimekwisha liwa, na tunamsadiki. Lakini hatukulipa faini, na tulipewa jambo lingine: kuingia ndani ya miti na mundu, bila mifugo, kukata majani na kuyabeba nyumbani mpaka mwaka tuliolipia uishe. Agronomu alifurahi, maana majani marefu yanafunika miche. Mzee alifurahi, maana shamba lake linapaliliwa bure. Kila mtu alitupongeza.

Sasa tuwaambie yale ambayo hayakusemwa kwenye baraza. Majani hayatembei. Kondoo alikuwa anapanda kilima kwa miguu yake, sasa kilima kinashuka juu ya kichwa cha mtu. Na kichwa hicho ni cha nani? Wiki ya kwanza tulibeba sisi. Wiki ya tatu walikuwa wanabeba wasichana wetu, asubuhi kabla ya masomo na jioni tena. Mwalimu wetu ndiye aliyeona kwamba wasichana wawili wanafika saa ya pili, nguo imelowana umande, na kusinzia juu ya daftari. Wasichana wa minervali ileile ambayo kondoo walinunuliwa kwa ajili yake. Na njia ya kilima mnaijua, mnajua pia nani wanaipita wakati wa giza.

Tulikaa, tukagombana, wawili walitoka katika kundi. Waliobaki tumekata hivi: hakuna msichana anayebeba asubuhi ya siku ya masomo. Wamama wanakwenda wanne wanne, jua likiwa limetoka. Na kwa kuwa mikono haitoshi, tumeuza kondoo 9. Iliuma. Kwa upande mwingine, zizi sasa liko nyuma ya nyumba na mavi yanabaki kwetu badala ya kubaki kwa mzee. Maharagi ya msimu huu, aliyepita njiani ameyaona. Tumeomba pia vipandikizi vya tripsakumu tupande kwenye kingo za vipande vyetu wenyewe, maana majani hayo hayahesabiwi kuwa mti, hakuna atakayesema tunataka kuwa wenyeji.

Mwaka unakaribia kuisha na mzee anataka tukodi tena. Bei mpya ni dola 100, kwa majani ya kukata. Mmoja wetu aliyefuata mafunzo Goma alituletea habari ya Wasukuma wa Shinyanga, Tanzania. Wao wana kitu kinaitwa ngitili: mvua zikianza, kipande cha malisho kinafungwa, hakuna mnyama kuingia, na kiangazi kikikaza kinafunguliwa. Serikali yao ilisaidia desturi hiyo tangu 1986 kwa mradi wa HASHI, na vilima vilivyokuwa jangwa vikarudisha miti. Habari hiyo ilitugusa kwa jambo moja: ngitili inafungwa, na kila mtu anajua itafunguliwa. Sisi tumeuliza mara mbili malisho yetu yatafunguliwa lini, na mara mbili tumejibiwa, miti ikikomaa. Mti unakomaa lini, na nani anapima?

Kwa hiyo kontra ya mara hii tumeiandika wenyewe, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Inasema mwezi na mwaka ambao kondoo watarudi kwenye sehemu ya chini, mbali na chemchemi. Inasema matawi yakipunguzwa, kuni ni za nani. Tumeandika zetu, nusu. Inasema mzee akitia sahihi na mradi mwingine, tujue sisi kwanza. Na majina chini ni 12, ya wanawake, bila jina la bwana hata mmoja.

Alhamisi tunakwenda nayo kwa chefu. Wamama wa makundi mengine mnaokodi malisho, mkitaka kuisoma, njooni Jumatano jioni pale tunapokutania. Mzee amesema atatia sahihi kama atapata kalamu. Tumenunua mbili.