Manda: Kabla ya kutoa, uliza ni nani ameachwa

Ukisafiri kwa ndege kwenda Lamu, ardhi ya kwanza utakayoikanyaga si Lamu. Ni Manda. Uwanja wa ndege uko katika kisiwa hicho, na abiria hutoka hapo wakashuka gatini, wakapanda mashua au motaboti na kuvuka mkondo wa bahari hadi mji mkongwe wa Lamu, ambao UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Wengi huvuka bila kugeuka nyuma. Leo nakuomba ubaki Manda kidogo, kwani kisiwa hiki kina somo kwa kila familia yenye magodoro, masufuria na viti ambavyo ingependa kuvitoa sadaka.

Manda ina sura mbili. Upande wa Ras Kitau, ukitazamana na Shela, kuna hoteli na majumba ya kifahari yaliyojipanga ufuoni. Ukienda Maweni utakuta sura ya pili. Jina lenyewe lajieleza: hapa watu huchimba na kuchonga mawe ya matumbawe, yakapakiwa kwenye vyombo na kupelekwa kujengea nyumba za Lamu na visiwa jirani. Wakazi wengi wa Maweni ni watu waliotoka bara, hasa magharibi mwa Kenya, pamoja na wengine wa makabila ya Pwani. Kazi yao ni ya jua kali na vumbi jeupe. Isitoshe, Manda ni kisiwa chenye shida kubwa ya maji ya kunywa. Watu hutegemea maji ya mvua waliyoyakinga, au hununua maji yaliyovushwa kwa chombo kutoka Lamu.

Kwa hiyo, pipa lenye mfuniko ambalo kwako limekaa bure nyuma ya nyumba, Maweni ni mali. Lakini tuseme umelituma. Litafika gatini, na hapo ndipo swali linapoanza: nani atalipata?

Jibu limo katika orodha ya majina. Ikiwa orodha imeandikwa na watu wanaowatambua "wenyeji" peke yao, mchonga mawe ataitwa mgeni hata kama watoto wake wamezaliwa papo hapo. Ikiwa imetoka kanisani tu, Mwislamu hayumo. Ikitoka msikitini tu, Mkristo hayumo. Na ikiwa tangazo linasema kila mtu aje gatini saa sita mchana, basi ajuza asiyeweza kutembea, mama aliyejifungua juzi, mtu mwenye ulemavu na kibarua aliye shimoni wote watakosa. Hakuna aliyewafukuza wala kuwatukana. Hata hivyo, wameachwa.

Ajabu ni kwamba historia ya Manda yenyewe ni historia ya wageni waliopokewa. Upande wa kusini wa kisiwa hicho kuna magofu ya Takwa, mji uliostawi kati ya karne ya 15 na ya 17. Msikiti wake wa Ijumaa ungalipo, ingawa hauna paa. Wakazi wa Takwa waliuhama mji wao katika karne ya 17, na inasimuliwa kwamba walivuka maji wakaenda kuanza maisha mapya Shela, katika kisiwa cha Lamu. Watu wa Manda basi waliwahi kuwa wageni ng'ambo ya pili. Hadi leo kuna watu wa Shela wanaovuka kwenda Takwa kuomba dua penye makaburi ya wazee wao.

Je, familia ya mjini itachaguaje shirika lisilobagua? Kwanza, uliza orodha hutengenezwa vipi na nani. Shirika zuri halitegemei mzee mmoja. Litauliza pia mwalimu wa shule, muuguzi wa zahanati na kina mama wa kijiji. Pili, uliza vitu humfikiaje asiyeweza kuja. Tatu, uliza kama kuna sharti lolote la dini, kabila au chama. Nne, uliza kama shirika limesajiliwa. Nchini Kenya sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa mwaka 2013, ilianza kutumika Mei 2024. Nayo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa dini, kabila, jinsia, umri na ulemavu.

Mfano wa kanuni njema ni Msalaba Mwekundu. Mwaka 1965, mjini Vienna, vyama vya Msalaba Mwekundu vilitangaza kanuni saba, na mojawapo ni kumsaidia mtu kwa kadiri ya shida yake bila kuangalia taifa, rangi wala imani. Chama cha Kenya kiliundwa kisheria mwaka huohuo. Lipo pia shirika la APDK, lililoanzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa viungo. Hata hivyo, piga simu kwanza, kwani si kila tawi hupokea vitu vilivyotumika.

Wala usidharau msikiti au kanisa. Zaka ina watu wake maalumu waliotajwa, na kamati inayoigawa hivyo haikosei. Lakini godoro na masufuria unayotoa ni sadaka, na mlango wa sadaka ni mpana; jirani wa dini nyingine naye hupewa. Uliza tu, bila kushutumu.

Mwisho, tazama unachotoa. Fua mapazia, anika godoro juani, hakikisha sufuria haivuji. Kitu ambacho ungeona haya kumpa jirani yako, usimvushie mtu wa Manda. Kabla ya kutoa friji, uliza kama anayepewa ana umeme. Funga vitu kwa magunia au vikapu, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Na kama unaweza, lipa nauli ya chombo pia, ili zawadi isimgharimu anayepewa.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo unao, msomaji, ndiyo maana umeyatenga magodoro hayo. Kilichobaki ni kuuliza orodha ina majina gani, kisha uulize tena ni majina gani hayamo.