Fedha za Kisima

Nimesomesha chuoni zaidi ya miaka thalathini, na muda wote huo mshika fedha nilikuwa mimi mwenyewe. Daftari langu lilikuwa kichwani. Watu wakiniamini, nami nikidhani hayo yatosha.

Mwaka jana alinijia mjukuu wangu asomaye digrii ya utawala wa umma. Katika masomo yake mna somo la kuendesha taasisi zisizotafuta faida: nyumba za mayatima, zahanati za jumuiya, vyuo kama hiki changu. Nilicheka. "Haya nayo yafundishwa chuo kikuu?"

"Yafundishwa, babu. Dukani mnunuzi akidhulumiwa huenda duka jengine. Serikalini mlipa kodi hungoja siku ya kura. Lakini yatima ala asijue ni nani aliyetoa, na aliyetoa haioni sahani. Baina yao yuko nani?"

Sikuwa na jawabu. Nilimkumbuka mtu aliyeniletea fedha za kuchimba kisima, nami nikaziezekea paa lililokuwa likivuja. Watoto walisitirika na mvua, kisima hakikuchimbwa, na mwenyewe sikumwambia.

Usidhani, ndugu yangu, kuwa somo hili ni geni kwetu. Sayyidna Umar (Radhiya Llahu anhu) alipoiweka waqfu ardhi yake ya Khaybar, sharti lilikuwa haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi. Na anayeisimamia ana ruhusa kula kwa wema pasi na kujilimbikizia mali. Hapo mna neno la mtoaji, mna haki ya msimamizi, na mna mpaka wake. Vijana waelezwe hayo pia, maana nimewaona wanaojua kuandika maombi ya fedha kuliko kuzitolea hesabu.

Na pahala pake ni huko katika utawala wa umma. Hapa Kenya, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 haikuanza kutumika ila tarehe 14 Mei 2024, nayo yataka mashirika yaliyosajiliwa yapeleke hesabu zao serikalini. Atakayezipokea afisini ni nani, kama si kijana wa somo hili? Asipojua tofauti ya fedha za kisima na fedha za paa, atagonga muhuri tu.

Basi nilimwandikia barua yule mtoaji, nikamweleza yote. Jawabu lake lilikuwa fupi: "Kisima changu ki wapi?" Sasa wazee watatu wanashika daftari pamoja nami, na ukurasa wa kwanza limeandikwa deni langu.