Herekali Alitangulia

Ukitaja fantasia ya Bizanti, wasomaji wengi watakutajia Guy Gavriel Kay. Katika Sailing to Sarantium (1998) na Lord of Emperors (2000), Konstantinopoli imekuwa Sarantium, Justinian amekuwa Valerius, na Theodora ni Alixana. Humo wamo hata ndege wa kutengenezwa wanaoongea. Nimezisoma hapa Kiomboi, kwenye simu, kamusi pembeni, na nimezipenda kwelikweli.

Ila mtu akiniambia kwamba mambo hayo ni ya Wazungu, Waswahili tumeyadandia tu, hapo nabisha.

Utendi wa Tambuka, wa Bwana Mwengo wa Pate, ni miongoni mwa miswada ya zamani kabisa ya Kiswahili tunayoijua: una tarehe ya 1728. Mhusika wake mkuu upande wa pili ni Herekali, yaani Heraclius, mfalme wa Bizanti aliyetawala kuanzia 610 hadi 641. Katika historia, Waislamu walipigana na jeshi la Rumi kule Muta mwaka 629. Mwaka uliofuata walifika Tabuki, wakarudi bila vita. Sasa mtunzi anafanya nini? Anaijaza Tabuki hiyo tupu kwa vita vikubwa, mashujaa wakichinjana. Kay alibadilisha majina ili apate uhuru wa kubuni. Bwana Mwengo aliyaacha majina yalivyo, akabuni hivyo hivyo.

Shida ni kwamba utendi huu nao nausoma na kamusi. Ni Kiswahili cha kaskazini ya pwani, ambako njia ni ndia na nchi ni nti. Kwa mtu wa Iramba niliyekulia Kinyiramba, Pate iko mbali karibu sawa na Sarantium.

Halafu kuna jambo moja Kay amemzidi. Shujaa wake ni Crispin, fundi wa kupamba kuta kwa vijiwe vya rangi, aliyefiwa na mke na mabinti kwa tauni. Mfalme tunamwona kwa macho ya fundi. Kwa Bwana Mwengo wanaosikika ni wakubwa: wafalme, maswahaba, majemadari. Mkulima ambaye shamba lake lilikanyagwa na majeshi yote mawili hasemi kitu.

Huyo mkulima ndiye namsubiri. Herekali tunaye tangu zamani. Amebaki mtu wa kumwandika upya, kwa Kiswahili ambacho mtu wa Kiomboi atakisoma bila kamusi.